Mashimo Niliyotoboa kwa Jicho

Mwange mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mujomba wako kwenda Lubuye kuwaaga shangazi zako, na najua hamtarudi upesi, maana shangazi zako hawamfungulii mtu mlango wa kutoka kabla hajala. Nimefagia vumbi la mbao juu ya meza ya kazi hapa atelie, nimekaa mahali pako, kwenye kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi ambacho kila siku nasema nitakitengeneza. Nataka kuandika kabla sijasikia sauti zenu njiani. Ukiwa mbele yangu mdomo wangu hujua kugombeza tu, na hilo wewe unalijua kuliko mtu yeyote Kalemie nzima.

Mambo ya safari sitayagusa. Blanketi umekunja, ndagala wakavu wamo mfukoni, na treni itaondoka wakati itakapokubali kuondoka. Mengine mujomba wako atakuimbia njia nzima mpaka Kabalo, hata ukijifanya umelala. Mimi nataka kuandika juu ya mashimo, na juu ya jina nililokuita mbele ya watu.

Kazi yetu unaijua, lakini acha niiseme kama ilivyokuwa, kwa sababu kosa langu limekaa ndani yake. Mimi nilikuwa nakata ubao vipande vidogo, unene wa kidole gumba, urefu unaopita kidole kidogo tu. Kila kipande nakitoboa kutoka kichwani mpaka mkiani, natupa ndani ya beseni. Wewe unachukua beseni, unapaka gundi, unasukuma ndani ya kila shimo ule mrija wa shaba unaokuja na mashua za Kigoma. Gundi ikikauka nakereza mimi: mti unazunguka, patasi inakula, kipande chenye pembe nne kinakuwa kalamu nyembamba ya kumpa mwalimu anayestaafu au padri mpya. Shimo ndilo kazi yote. Likienda upande, mti unabaki mnene huku na mwembamba kule, na ukiukereza unapasuka mkononi, au shaba inachungulia nje na kalamu imekufa.

Papa yako alinifundisha kukereza, na kutoboa pia alinifundisha, ila kutoboa sikumsikiliza. Yeye alichukua kipande, akapiga mstari kutoka pembe hii mpaka pembe ile, akapiga mwingine kutoka zile pembe mbili zilizobaki, na pale mistari ilipokutana akagonga msumari kidogo ili meshi, kile chuma cha kutobolea, ipate pa kukanyaga. Kila kipande hivyo hivyo, hata kama wateja wamejaa mlangoni. Nilikuwa msichana bado, nimeolewa juzi, nina ujuvi. Nikamwambia, "Lakini katikati si naiona?" Nikachukua kipande bila mstari wowote, nikakiweka chini ya meshi, nikatoboa. Tulipokipima kilikuwa sawasawa. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaita watu waje kuona, "Muke wangu jicho lake njo rula." Mwanangu, sifa ya namna ile ukipewa na mtu unayempenda, unaiweka kichwani na hutaki kuishusha tena. Mpaka papa yako anakufa sikuwahi kupiga mstari juu ya kipande cha kalamu. Na baada ya kufa kwake nilizidi kukataa, nikiona kupiga mistari ni kumwangusha.

Sijui macho yalianza lini. Mtu hajui. Nilianza kushika kitabu cha nyimbo kanisani nikiimba yale niliyoyajua kwa moyo, na wimbo mpya ukija nilijifanya nakohoa. Kwenye mashine ndogo ya kutoboa niliona ncha ya meshi ikiwa na kivuli chake pembeni, na sikujua ipi ni meshi na ipi ni kivuli. Nilichagua moja. Mkono nao ulikuwa umeanza kucheza, kidogo tu, nikabana kipande kwa koleo na kusukuma kwa nguvu ili kimalizike haraka. Unajua meshi haipendi kusukumwa. Inatafuta mahali laini ndani ya mti na kwenda huko, na wewe juu unaona kila kitu ni kizuri, kumbe chini imekwisha potea.

Lakini kalamu zilitoka nzuri. Hapo ndipo nilipojidanganya. Kila jioni kalamu zilitoka nzuri, hakuna iliyopasuka, hakuna shaba iliyochungulia, na mimi nikasema moyoni kwamba macho yanazeeka ila jicho la kazi halizeeki. Nilianza kujisifu zaidi kuliko wakati wa ujana. Mteja akisimama pale mlangoni namwambia, "Mashimo haya yote natoboa kwa jicho, Papa, bila mustari." Wewe ulikuwa umeinama juu ya beseni lako la gundi na hukuinua kichwa. Nilidhani ni heshima.

Ulijaribu. Nakumbuka siku ile umeme ulirudi mchana, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, na tukijaribu kutobolea kwenye mashine kubwa ya kukereza? Tubane muti, muti uzunguke, meshi isimame. Katikati inajitafuta yenyewe." Nikakujibu nini? "Wewe ulizaliwa juu ya hili vumbi, leo unataka kunifundisha kutoboa?" Ukasema, "Haina neno, Mama." Hilo ndilo jibu lako la tangu utoto. Sasa najua ulikuwa unatoboa hivyo kila nikienda soko, na ulikuwa unaacha kipande kirefu kidogo, ukikata ncha baada ya kutoboa ili palipomegeka paondoke. Nani alikufundisha hilo? Mimi sikulijua. Papa yako alikufa ukiwa mdogo mno kushika patasi.

Sasa nifike kwenye ubao.

Ule ubao wa mulombwa aliotuachia papa yako, mwekundu, mzito, ule niliosema hauguswi ila kwa kalamu za heshima, ulikuwa unapungua kuliko kalamu zilizotoka. Nilianza kuupima kwa mkono Jumapili baada ya ibada, kimya kimya. Unapungua. Kisha siku moja sokoni nikaona mipini ya visu ya mti mwekundu kwenye meza ya fundi mmoja, na moyo wangu ukamaliza kesi hapo hapo, bila shahidi. Mti mwekundu uko msitu mzima, lakini mimi niliona ule ni wangu. Nilirudi nyumbani nikakutazama ukila na kila tonge nililihesabu kuwa ni la wizi.

Sikukuuliza. Nimekaa na hilo tangu jana na sipati kulizunguka. Ningekuuliza jikoni, tuko wawili, "Mwange, mbao zinaenda wapi?" Pengine ungeniambia. Pengine usingeniambia, lakini ningeuona uso wako na ningejua si uso wa mwizi. Badala yake nilimpigia simu mujomba wako huko Nyunzu, na yeye akaja na koti lake la vikao, akaitisha kikao.

Ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia uwanja wetu ulivyojaa. Nasema tu yale yaliyotoka kinywani mwangu, ili usidhani nimeyasahau. Nilisema, "Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Muizi iko ndani ya nyumba, tunakula naye." Mujomba wako akakugeukia, "Mwange, mbao za marehemu zinaenda wapi?" Wewe hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, muda mrefu. Nikadhani unanitisha. Ukasema, "Mujomba, mimi sina neno." Na kwa sababu ulinyamaza nikaongeza. Nilisema papa yako hakuwa mwizi na sijui damu hii uliitoa wapi. Sentensi hiyo nimeiandika, nikaifuta, nimeiandika tena. Lazima ibaki, kwa kuwa majirani waliisikia, na wewe uliisikia, na kama kuna namna wafu wanasikia basi na yeye aliisikia, yule aliyeita watu waje kutazama jicho langu.

Ndipo mujomba wako akaamua uende Kabalo kwa yule seremala rafiki yake, mtu mkali, anayekereza miguu ya viti na vitanda, ukajifunze kula jasho lako. Na mimi niliitika. Nilisema, "Njo vizuri."

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mama Aline kukununulia mandazi ya njiani. Alikuwa amechuchumaa anachochea moto. Akaniambia, "Mama Mwange, sasa mutoto wako akienda, nani ataniletea kuni? Ananisaidia sana, na ziko kuni nzuri, zinashika moto haraka sababu ya yale matundu." Nikacheka. Nikamuuliza kuni gani zenye matundu, zinaota wapi. Akasukuma katoni mbele yangu kwa mguu.

Nilichukua kimoja nikatoka nacho juani. Kipande cha mulombwa. Shimo limeingia karibu na katikati, na upande wa pili limetokea pembeni kabisa, ukuta wa mti umebaki mwembamba ukibonyeza unavunjika. Nikachukua kingine. Shimo lilikuwa limetoboka ubavuni, halikufika hata mwisho. Kichwani hakuna mstari. Vipande unavyojifunzia wewe vina ile misalaba ya penseli kama ya papa yako, hata ukiwa na haraka. Hivi havikuwa na alama yoyote. Havikuwa vya mtu mwingine, Mwange. Vilikuwa vyangu, katoni nzima ilikuwa mkono wangu na jicho langu.

Nikamuuliza Mama Aline ulikuwa unamuuzia kwa kiasi gani. Akashangaa. "Kuuza? Hata andazi moja alikataa. Anasema, choma tu, Mama, usimuonyeshe mutu."

Nilivifunga kwenye kitenge, nikaanza kuondoka navyo. Mama Aline ananiita nyuma, "Mama, unabeba zote? Nitapikia nini?" Sikugeuka. Mpaka leo hajui nimeshikwa na nini, na mandazi sikununua. Nilifika kwenye geti letu nikasikia unapiga mluzi ndani, unakunja nguo, na miguu ikakataa kuingia. Nilipita nyumba yangu mwenyewe. Nilitembea mpaka kule watu wanakoanika ndagala, nikasimama kati ya wanawake wasionijua na mzigo wa kuni zenye matundu, na aibu ilinishika mwili mzima, mpaka mwanamke mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Nilielewa yote hapo. Ulikuwa unachukua beseni langu, unachagua, vibaya unaweka kando, kisha unakata vingine kutoka ubao wa papa yako na kuvitoboa kwa namna yako nikiwa soko au kanisani. Unavitia kwenye beseni. Jioni nakereza mashimo yako na kujisifu kwa mteja. Ubao unapungua kwa sababu kila kalamu ilikula mti mara mbili, wa kwangu wa kuharibika na wa kwako wa kufaa. Na nilipokuita mwizi, ungesema neno moja tu, "Mama haoni," ukawa umetoka safi. Lakini ungelisema mbele ya mujomba wako, ambaye tangu msiba ananitaka niuze mashine nihamie Nyunzu nikalime mihogo kwa wake zake. Siku zote namjibu kwamba kalamu zangu hazina kasoro, aniambie ni ipi imerudishwa. Hakuwa na la kusema, kwa sababu yako. Ulijua ukifungua mdomo mashine inaondoka uwanjani jioni ile ile. Ukafunga mdomo.

Sasa nakwambia kitu kibaya kuliko kile cha kikao, kwa sababu cha kikao nilikifanya sijui. Jana nilirudi nyumbani nikijua. Nilipika, nikawapakulia, nikakaa mbele yako, na sikusema. Nilikugombeza juu ya chumvi. Wewe uliyepakuliwa ndiwe uliyegombezwa kwa chumvi niliyotia mimi. Usiku nilikuwa macho, na leo asubuhi tulikuwa wawili peke yetu hapa atelie, ukipaka mafuta mashine ili isishike kutu utakapokuwa mbali, na bado sikusema. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa napima. Nikisema, mujomba wako atasema mashine iuzwe. Nisiposema, unaondoka na jina la mwizi lakini mashine inabaki. Nilikuwa nimeweka mtoto huku na chuma kule, naangalia kipi kizito. Mama gani anapima hivyo? Nilidhani ikiwa vigumu kusema nitakuandikia barua, utaisoma Kabalo, utalia kidogo, utanisamehe, na hapa nyumbani hakuna atakayejua. Nilianza kuiandika barua hii kwa akili hiyo. Hata mistari ya kwanza hapo juu niliiandika kwa akili hiyo, si unaona ilivyo na mizaha.

Nikiwa kwenye kigoda chako hiki nimegundua siwezi. Niliyoyasema niliyasema kwa kinywa, uwanjani, mbele ya mujomba wako. Karatasi ndani ya mfuko wako haitamsafisha mtu. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: barua hii haitoki mkononi mwangu kabla sijasema mbele ya yule yule aliyesikia. Kama unaisoma, nimesema. Kama nimeogopa, Mama Aline ameipata ya kuwashia moto pamoja na kuni zake.

Shauri sina la kukupa. Nilifikiri niandike hapa maneno juu ya meshi na maisha, namna ya kwenda polepole na kuitoa meshi mara kwa mara ili vumbi litoke, lakini kwa mahubiri pasta wetu anatosha. Nakwambia tu lililonipata. Nilipoona kitu kinapungua, nilitafuta mtu wa kumlaumu kabla ya kutafuta sababu, na mtu wa karibu ndiye anayeshikika haraka. Wewe nawe, na hili silisemi ili kukugawia kosa langu, ulinificha mpaka nikapotea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha ya kwangu, na wewe ukanisaidia kuyaficha. Ukifika Kabalo ukaona fundi wako anaharibu kazi, mwambie. Atakasirika. Mimi pia ningekasirika, pengine ningerusha koleo. Lakini ningekasirika na mtoto mwenye maneno mengi, nisingemwita mwanangu mwizi.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka. Ninyi hao mnarudi.

Nimerudi kwenye barua, sasa niko chumbani. Mmekwisha kula, mujomba wako amekaa nje na redio yake bila kuiwasha. Nataka niandike yaliyotokea wakati bado yako mdomoni, hata kama ulikuwepo, kwa sababu sijui kama ulinitazama. Mimi sikuweza kukutazama.

Nilisonga bukari, nikaileta na samaki, na katikati ya sahani nikafungua kitenge. Mujomba wako aliona kuni mezani akadhani nimerukwa na akili. Akachukua kipande, akatia kidole kidogo kwenye shimo, akakigeuza akaona kinatokea ubavuni. Akasema, "Hii ni kazi ya nani?"

Nikasema, "Yangu, kaka. Zote ni zangu. Mbao za marehemu zilienda humu. Mimi njo nilizila. Mwange alikuwa anazificha ili musijue mama yake haoni tena."

Nilitaka kusema zaidi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kukuomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga vizuri, na yote yakanipotea. Nikasema tu, "Nilimuita muizi hapa hapa. Si muizi. Damu yake ni ya papa yake." Na hapo nikakaa chini.

Mujomba wako alirudisha kipande kwenye kitenge. Kisha akakugeukia, na sauti haikuwa ile ya kikao. "Mwange, juu ya nini hukusema?"

Ukasema, "Mungeuzisha mashine yake, Mujomba."

Akainamisha kichwa. Baadaye akasema kwamba kama ni hivyo, safari haina maana, unaweza kubaki. Nilisikia moyo wangu unaruka kwa furaha, na nikauonea aibu hata moyo huo, maana ulikuwa umeshaanza kukuhesabia kazi ya Jumatatu. Neno "baki" lilikuwa juu ya ulimi. Nililimeza. Wewe ukasema utakwenda, kwamba fundi wa Kabalo ana mashine ndefu ya miguu ya vitanda na unataka kuiona, na kwamba ukienda bila jina baya utafanya kazi vizuri zaidi. Hukulisema kwa hasira. Kisha ukanisogezea sahani, ukasema, "Mama, bukari inapoa."

Nilitaka ukasirike, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yako, ningejua pa kuiweka. Hiyo bukari sikujua pa kuiweka. Ukiwa mbali na hasira ikakujia, njiani au kazini, iache ije, niandikie au nipigie simu unigombeze. Usinisamehe kwa heshima kwa sababu mimi ni mama. Nisamehe siku utakapokuwa umemaliza kukasirika.

Kwa habari ya mashine, mujomba wako amesema tutazungumza akirudi kutoka Kabalo. Najua atasema nini, na sijui nitamjibu nini. Majirani waliosikia kikao nitawapitia mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikianza na Mama Aline anayenidai maelezo ya kuni zake.

Umeme umerudi. Nilidhani umekwenda kulala, lakini nasikia mashine kubwa inazunguka atelie, na si mlio wa kukereza, ni mlio wa meshi ikiingia ndani ya mti, inaingia kidogo, inatoka, inaingia tena. Najua unachofanya. Unanitobolea akiba, beseni lijae, ili ukiondoka niendelee kutoa kalamu nzuri na mujomba wako akose cha kusema. Bado unanificha. Baada ya yote niliyosema mezani, bado umeinama hapo unanificha.

Kama ningekuwa yule wa jana ningelala nikisikiliza na kushukuru. Lakini ninakuja. Nimechukua miwani ya marehemu, ambayo niliapa sitaivaa, na penseli. Zima mashine nikifika, nipe kipande kitupu, na unionyeshe mistari inaanzia pembe ipi, na mti unabanwaje. Nikikosea niambie nimekosea, kwa sauti, hata mujomba wako akisikia. Fanya haraka, mwanangu, kabla umeme haujakatika.